Arobaini na Moja Mukarari

"Hao Waarabu hawana watoto wao wa kupiga picha karatasi zao?"

Mama aliuliza hivyo huku akichambua kunde, bila kuniangalia, wiki ile viza ilipotoka. Nilikuwa na shahada ya historia na utunzaji wa kumbukumbu, nilikuwa na mkataba niliousoma mwanzo hadi mwisho na kuurudia, lakini hakuna kifungu kilichoeleza kwa nini kampuni ya Riyadh imtoe mtu Kenya, imlipie nauli ya ndege na kumfundisha, ili aende kupiga picha rejista kuukuu za nyumba za Jeddah. Nilimwambia kazi ni kazi. Mama huuliza jambo mara moja tu, kisha huliacha. Mimi siwezi, na nyumbani kwetu hilo lilihesabiwa kuwa kasoro iliyoletwa na shule.

Kumbukumbu za serikali nilikuwa nimeziona kwa karibu kabla ya hapo. Chuo kilinipeleka mafunzoni katika masijala ya kaunti yetu, chumba kimoja nyuma ya ofisi za maji, ambako faili za mashamba zilikaa kwenye magunia ya mahindi na panya walikuwa wameanza kuzisoma kutoka pembeni. Mwananchi akija kutafuta faili ya babu yake, karani alimjibu kwa upole, "Faili iko, ila kwa sasa haionekani." Nilimwuliza karani tofauti kati ya faili iliyopo isiyoonekana na faili isiyokuwepo. Alinitazama, akaniambia nikamnunulie maandazi.

Riyadh hapakuwa na magunia. Ofisi ilikuwa mtaa wa Olaya, ghorofa ya juu yenye vioo, na tulifika kwa metro, wanawake wachache kutoka Kenya na Uganda, vitambulisho vikining'inia shingoni. Aliyetufundisha, ambaye baadaye ndiye aliyekuwa msimamizi wetu, alikuwa Msudani wa makamo mwenye sauti ya chini. Kila mtu alimwita ustadhi, hata mabosi. Alitufundisha mambo ambayo chuo kikuu changu kiliyataja tu na kupita. Glavu hazivaliwi, kwa sababu kidole kilichofunikwa hakihisi karatasi inapoanza kupasuka. Mikono huoshwa na kukaushwa. Vumbi hupigwa brashi kutoka kwenye mshono kwenda nje. Pini iliyoshika kutu haivutwi, huinuliwa kwa kibanzi chembamba cha plastiki. Rejista hulazwa juu ya kiegemeo chenye umbo la kitabu kilichofunguka nusu, kamera iko juu yake, na mguu ndio unaobonyeza kanyagio. Kando ya kila ukurasa hukaa kijikadi cha rangi, ili mtu wa miaka ijayo ajue kama wino ulikuwa mweusi au kahawia.

Siku moja wakati wa chai nilimpa ustadhi swali la mama.

"Kwa sababu hamsomi," akasema.

"Tunasoma."

"Kiarabu hamsomi. Msomaji husimama. Akiona jina la babu yake anasimama, akiona jina la jirani anacheka, jioni yuko mkahawani anasimulia nani aliuza nyumba ya nani. Asiyesoma anafungua ukurasa, anafunga, anakwenda kulala."

"Na asiyesoma akikosea, atajuaje?"

"Mashine inahesabu," akasema, akaenda kuswali.

Nilimwandikia mama kwamba wametuchukua kwa sababu hatujui kusoma. Alinirudishia ujumbe wa sauti, mfupi: "Na karo yote ile."

Kazi yenyewe ilikuwa Jeddah. Kampuni ilitupangia nyumba Al-Baghdadiyah, juu ya duka la mabaibui, na kila asubuhi gari lilitupeleka kwenye jengo la kumbukumbu. Dereva alikuwa Mkenya mwenzetu, mtu wa Kakamega, aliyekuwa akiimba wimbo wa kanisani kwa pua kuanzia tunapopanda hadi tunaposhuka.

"Nyinyi mnalipwa kufungua vitabu na kutovisoma," alituambia siku ya kwanza. "Mimi shuleni nilichapwa kwa kazi hiyo hiyo."

Aliyefanya kazi na mimi kwenye meza moja alikuwa mwanamke wa Mombasa, Mwislamu, aliyenizidi umri kwa miaka kumi hivi. Nilimwita dada. Yeye aliniita Shahada, kwa sababu ya digrii yangu, na kwa sababu nyingine aliyoifurahia zaidi. "Shahada unayo, mwenzangu," alisema, "kilichobaki ni kuitamka." Mimi ni Mkristo wa kuzaliwa na mwenye mashaka wa hiari, kwa hiyo nilimwuliza nikiitamka atanipa nini. Alisema atanipa biriani. Nikasema kwa bei hiyo nitafikiria. Mzaha huo ulidumu muda wote tuliokaa pamoja na haukuchakaa.

Dada huyu hakuajiriwa na kampuni moja kwa moja kama mimi. Alikuja Saudia kama mfanyakazi wa ndani, katika nyumba moja ya mtaa wa Aziziya, hapo Jeddah, na alikuwa amelea watoto wawili wa nyumba hiyo mpaka wakaanza shule. Madam wake alikubali kumwazima kwa kampuni kwa muda, watu walipokuwa wanatafutwa kwa haraka. Lakini ikama yake, kibali cha ukaazi, bado ilikuwa chini ya baba wa nyumba ile ya Aziziya. Huyo ndiye aliyekuwa kafili wake, mdhamini wake kisheria, na kazi ikiisha angerudi kwake. Alichotaka kilikuwa kimoja: nakli ya kafala, yaani ahamishwe, kafili wake awe kampuni. Kwa hilo zilihitajika ridhaa mbili, ya kampuni na ya nyumba ile, ambako mwenye kauli alikuwa madam. Kampuni ilikuwa imemwahidi kikao Jumapili, baada ya masanduku ya Jeddah kufungwa. Madam alikuwa akisema, "Inshallah," na dada, aliyeishi naye miaka mingi, alikiri kwamba inshallah ile hakuweza kuipima.

"Wataka nakli ili upate nini hasa?" nilimwuliza. Nilitarajia aseme mshahara.

"Mlango," akasema. "Wenye ufunguo upande wangu."

Kisha akacheka. "Weye wapiga nakala, mimi nangoja nakli. Neno moja, mwanangu, ila lako lina karatasi na langu lina miguu."

Alikuwa na siri moja ambayo kampuni haikuijua. Alijua kusoma. Si kusoma gazeti. Alikuwa amesoma chuoni Mombasa, chuo cha Kurani, na herufi alizifahamu zote hata kama maana ilimponyoka. Walipomwuliza kwenye usaili, alisema anazungumza Kiarabu cha jikoni lakini kusoma, mafi, hakuna. Walitaka asiyesoma, akawapa asiyesoma.

Rejista tulizopewa zilikuwa za nyumba na maduka ya mitaa ya zamani. Kila ukurasa ulikuwa wa nyumba moja: namba juu, mistari ya maandishi, mihuri, na chini, mara nyingi, ramani ndogo ya mkono ikionyesha vyumba na ngazi. Dada aligeuza kurasa, mimi nilishika kanyagio na kompyuta. Ukutani palikuwa na karatasi ya kanuni kwa Kiingereza, na kanuni mojawapo ilisema kwamba nakala za ukurasa uliokwisha kupigwa picha zirukwe.

Siku za mwanzo tulifika ukurasa wa arobaini na moja wa rejista moja, na baada yake ukaja ukurasa mwingine wenye namba hiyo hiyo, na kando ya namba palikuwa na neno fupi. Dada aliinama karibu, akashusha sauti kwa sababu ya mlinzi aliyekaa mlangoni.

"Yasema mukarrar. Si ndiyo kukariri? Umerudiwa huu. Ni nakala."

Akachomeka kipande cha karatasi nyeupe, akapita. Tangu hapo kila alipoliona neno lile alichomeka karatasi na kupita. Sisi tuliliita mukarari, kwa matamshi yetu, na kwa kuwa meza yetu ilikuwa ya kasi kuliko nyingine, yeye alizipitia rejista za wenzetu pia kabla hazijaanza kupigwa picha, akiwawekea vipande vyeupe. Hakuna aliyemwuliza amejuaje. Ustadhi alikuwa Riyadh siku nyingi, akija Jeddah katikati ya juma kukagua kama picha zimenyooka na zinasomeka.

Nilichoanza kukitilia shaka ni hesabu kutimia. Rejista iliyoishia namba mia mbili ilitoa picha mia mbili, mashine ikaonyesha alama ya kijani. Masijala ya kaunti ilinifundisha kwamba karatasi za serikali hazitimii. Nikajiuliza: kama kurasa hizi ni nakala, nani katika ofisi ile ya zamani alikuwa na muda wa kuandika upya ukurasa mzima kwa mkono, na kwa nini auandike kwa kalamu nyingine? Nilirudi kwenye arobaini na moja. Kusoma sikuweza, lakini kuhesabu mistari niliweza, na ramani haihitaji herufi. Arobaini na moja ilikuwa na kisima uani. Arobaini na moja mukarari haikuwa na kisima. Ilikuwa na ngazi, na ukuta mmoja mrefu kushoto.

"Dada, nakala gani hii isiyofanana na mwenziwe?"

"Aliyeinakili alikuwa na usingizi."

"Akaota ngazi?"

"Shahada, weye hata chai waiuliza imetoka wapi. Bonyeza."

Nikabonyeza. Lakini jioni ile, nikitoka kununua mkate, nilipita uchochoro nyuma ya nyumba yetu ambao nilikuwa nimeupita mara nyingi. Kwenye ukuta wa fundi cherehani Mpakistani palikuwa na kibao cha bati cha zamani chenye namba kumi na saba. Mlango uliofuata, wa duka la simu, ulikuwa na kibao cha bati cha aina hiyo hiyo, kumi na saba, na kando yake lile neno. Nilisimama pale mpaka fundi akaniuliza kama nina nguo ya kupunguza. Nilipiga picha milango yote miwili.

Dada alikuwa anakaanga vitunguu nilipomwonyesha simu. Aliitazama, akauzima moto chini ya sufuria.

"Milango miwili," nikasema. "Hapa nani amemkariri nani?"

Alikaa kwenye kiti cha plastiki. Hakubisha. Alisema, polepole, kama mtu anayehesabu vyombo vilivyovunjika, "Basi ni nyumba. Zote zile ni nyumba."

Mambo yalikuwa wazi kiasi kwamba hatukuhitaji kuyasema, ila tuliyasema. Alhamisi masanduku yangefungwa kwa utepe wenye muhuri na kupelekwa ghala la nje ya mji, na kuyafungua baada ya hapo kungehitaji kamati. Baada ya hapo watu wangetumia picha zetu tu, na katika picha zetu nyumba zile hazikuwepo. Jumapili kilikuwa kikao cha nakli. Tukisema kabla ya Alhamisi, kampuni ingejua mambo mawili kwa mpigo: kwamba kosa ni la dada, na kwamba alidanganya kuhusu kusoma. Tukinyamaza mpaka Jumatatu, angekuwa amepata mlango wake, na masanduku yangekuwa yamekwenda.

Nilipendekeza tuzipige picha zile kurasa kimyakimya. Alinikumbusha mwenyewe kwamba mashine haikubali namba moja mara mbili, na kwamba rejista za meza nyingine, zikishapigwa picha, hatuzishiki tena. Nikasema basi niseme mimi, nidai kosa ni langu. Alicheka kweli.

"Wewe usiyejua alifu? Utawaambia neno lile ulilisoma na nini, na pua?"

Mwishowe alisema atangoja. Kikao kipite, kisha atafute namna. Sikumshauri kinyume. Nilijaribu kupima nyumba za watu nisiowajua dhidi ya chumba cha mtu niliyemjua, na sikuona mzani wa kupimia. Nilijiambia kwamba huenda hakuna mtu atakayewahi kuzitafuta kurasa zile. Nilijua pia kwamba hayo ndiyo aliyojiambia karani wa kaunti.

Jumatano asubuhi, ndani ya gari, alikuwa kimya, na dereva alimtania kwamba leo Mombasa hakuna upepo. Aliirudisha simu yake mkobani. Tulipofika, ustadhi alikuwa tayari ghorofani. Dada hakuvua hata baibui lake la nje. Alichukua rejista yenye arobaini na moja, akaikumbatia kwa mikono miwili kama tulivyofundishwa, akaniambia, "Shahada, twende juu."

Ustadhi aliifungua juu ya meza. Alizisoma kurasa mbili zile kwa sauti, akitufasiria kwa Kiingereza, kwanza ile, kisha hii, na ndiyo mara ya kwanza nilisikia kilichokuwa ndani ya kazi yangu. Nyumba ya mawe ya matumbawe. Kisima. Mwenye nyumba amefariki. Wanawe wawili wamegawana kwa ukuta. Mkubwa amebaki na kisima, mdogo amejenga ngazi na kufungua mlango wake barabarani. Akaeleza kwamba mtaa haubadilishiwi namba zote kwa sababu ya mlango mmoja mpya, hivyo mlango wa pili hupewa namba ya kwanza na kuambiwa mukarrar.

"Kumbe ni mdogo mtu," dada akasema. "Mimi nikamfanya kivuli."

"Nani alisema hizi ni nakala?"

"Mimi."

"Umesoma wapi?"

"Chuoni. Mombasa."

"Chuo gani kinafundisha kwamba mukarrar ni nakala?"

"Si chuo, ustadhi. Ni Kiswahili."

Ustadhi akamwuliza kama ni kweli alisema hasomi, na dada akasema ndiyo, mlitaka hivyo. Ustadhi aliitazama rejista, hakututazama sisi. "Halas," akasema. "Basi, masanduku yasifungwe. Leteni vipande vyote vyeupe." Na alipoona bado tumesimama: "Yalla."

Masanduku hayakuondoka Alhamisi. Riyadh waliongeza herufi moja kwenye mfumo wa namba, mim, ili mashine ikubali mukarari, na meza zote zilirudia. Tulifanya kazi hata siku za mapumziko. Nyumba zilikuwa nyingi kuliko nilivyodhani. Mtaa mmoja ulikuwa na mukarari karibu sawa na namba zenyewe, ndugu wakigawana na kugawana. Dada alisoma waziwazi sasa, kwa sauti, akitaja namba kama anayeita watoto kula, na hakuna aliyemkataza. Mlinzi wa mlangoni alimletea kahawa.

Kikao cha Jumapili hakikufanyika. Juma lililofuata mwanamke wa ofisi ya wafanyakazi alipiga simu kutoka Riyadh, akasema "Mafi nakl," na hakueleza. Ustadhi alisema hajui lolote, nami sikumwamini. Mwisho wa mwezi gari lilimrudisha dada Aziziya. Nilishuka naye kwa madam, nikimbebea mfuko mmoja. Watoto walitoka mbio wakamshika miguu. Alinigeukia akiwa ameshikwa hivyo.

"Punguza maswali, Shahada, utaolewa."

"Na wewe?"

"Mimi nishaolewa na hawa," akasema, akaingia.

Mimi nilirudishwa Riyadh kukagua picha, kazi ya kukaa. Kwa muda mrefu nilikitumia kisa chake kwenye mabishano, na katika nyumba ya wanawake wa Kikenya mabishano hayakosi. Mwenzetu mmoja, mlokole, alipodai kwamba ukweli haumtupi mtu, nilimweleza habari ya dada aliyesema ukweli Jumatano na kukosa nakli Jumapili. Aliniambia Mungu atamlipa. Nikamwambia faili iko, ila kwa sasa haionekani. Nilikipenda kisa kile kwa sababu kilikuwa na umbo safi: tendo hili, malipo haya. Mtu anayetilia shaka kila kitu ana vitu vichache asivyovigusa, na hicho kilikuwa kimojawapo.

Dada alimaliza mkataba wake, akarudi Mombasa. Tuliendelea kutumiana ujumbe wa sauti, zaidi kuhusu mapishi na ndoa yangu isiyokuja. Miaka ilipita kabla sijamwuliza kama aliwahi kujuta kupanda zile ngazi. Jibu lake lilichelewa, na lilipokuja nyuma yake palikuwa na sauti ya cherehani. Hakusema kama ni yake.

Alisema madam alikuwa amemwandikia asubuhi ile ile ya Jumatano, tukiwa bado garini. Watoto walikataa kula kwa mkono wa mtu mwingine, na yeye hangempa ridhaa ya nakli, wala Jumapili ile wala baadaye. Tulipokuwa tunapanda kwenda kwa ustadhi, dada alikuwa ameshausoma ujumbe huo.